Kipimo Kilichoitika

Katika nchi yetu neno daktari lina kazi mbili, na mtu aliyepewa kazi moja huulizwa aghalabu habari za ile nyingine. Mimi ni daktari wa maneno. Nilisoma Kiswahili, nikaandika tasnifu juu ya maana na matumizi, na mwanzoni mwa mwaka 2013 chuo kikuu kilinivika joho kikanipa cheo. Nyumbani kwetu Njombe habari hiyo ilipokelewa kwa furaha. Mama alichinja mbuzi, majirani walikuja na viazi na ulanzi, na kabla jua halijachwa wazee wawili walikuwa wamekwisha niita kando wanionyeshe magoti yao. Niliwaeleza kuwa udaktari wangu hautibu goti. Walinisikiliza kwa adabu wasiniamini. Walidhani najishusha, kama impasavyo kijana aliyelelewa vema.

Kosa lao lilikuwa dogo, na la kuchekesha. Kosa langu ni kwamba miezi minane baadaye nami nilijisahau, nikasoma karatasi ya hospitali mbele ya watu kama mtu ajuaye maana yake.

Dada yangu amenitangulia kwa miaka miwili. Aliolewa mwaka 2007 Makambako, mji ulio kilomita 60 hivi kutoka kwetu. Asiyeijua Makambako yafaa aambiwe kuwa ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo; barabara ya Njombe na Songea hapo ndipo inapochepuka; na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ina stesheni yake hapo. Malori hulala, madereva hula, mbao na viazi hupakiwa, na upepo wa baridi huvuma kana kwamba una haki ya njia kuliko vyote. Shemeji alifanya biashara ya mbao. Alikuwa mtu mpole, na nyumba yao ilikuwa na amani.

Mimba ya kwanza iliharibika mwaka 2009, katika mwezi wa tano. Ya pili iliharibika mwaka 2011, katika mwezi wa sita. Ya tatu, mwaka 2013, ilifika mwezi wa saba, na mtoto akazaliwa hali amekwisha kufa. Kati ya misiba hiyo mitatu dada hakuwa mzima hata mara moja kwa miezi mingi mfululizo. Asubuhi vidole vyake vilivimba na kukakamaa hata hakuweza kufunga kanga; akaambiwa ni baridi yabisi, jambo ambalo katika nchi ya baridi kama yetu halihitaji ushahidi. Alipata homa za mara kwa mara. Akatibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha malaria tena. Vidonda vilimtoka katika kaakaa la kinywa, visivyouma. Akapewa dawa ya kusukutua. Nywele zilimtoka kwa mafungu. Akashauriwa aache dawa za kulainisha nywele, ilhali hakupata kuzitumia. Kila ugonjwa katika orodha hiyo ni ugonjwa wa heshima, una jina la kale na dawa yake, na kila aliyemtibu alitibu alichokiona. Hapakuwa na mtu aliyeuliza kama mambo hayo yote yana mwenyewe mmoja.

Jibu moja, lakini, lilikuwa tayari vinywani mwa watu bila kuulizwa. Mkoa wa Njombe, uliokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, ndio uliotajwa na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011 na 2012 kuwa wa kwanza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI: watu karibu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati kwa nchi nzima walikuwa kama 5. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 mkoa wetu ulikuwa bado wa kwanza. Mahali penye msiba mkubwa namna hiyo, mwanamke akondaye, mwenye homa na vidonda vya kinywa, huwa amekwisha hukumiwa kabla hajafika mlango wa kliniki. Dada alipimwa virusi mara tano, na mara zote tano hakukutwa navyo. Majirani walisema vimejificha.

Kilichokutwa kilikuwa kitu kingine. Katika kila mimba alipimwa damu kwa ajili ya kaswende, kama wanavyopimwa wajawazito wote, na kila mara karatasi ilirudi na neno moja la Kiingereza, ambalo mimi ningelifasiri kuwa kipimo kimeitika. Alichomwa sindano tatu za penisilini, moja kila wiki, katika mimba ya kwanza. Alichomwa tena katika ya pili, na tena katika ya tatu. Shemeji naye alipimwa kila mara, na kila mara alikuwa safi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 wakwe waliitisha kikao. Tuliketi sebuleni Makambako, watu tisa, na karatasi tatu zikiwa mezani chini ya bilauri ili upepo usizipeperushe. Baba mkwe alisema kwa upole, maana hakuwa mtu wa makelele, kwamba kijana wake ni mzima na mkewe ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unajulikana unakopatikana. Kisha akanigeukia. “Wewe ni daktari, tena ni ndugu yake. Tusomee, mwanangu, usije ukasema tumemsingizia.”

Nilizisoma. Nilifasiri neno lile kwa Kiswahili sanifu, nikajivunia hata wepesi wa fasiri yangu. Mzee akauliza: kimeitika maana yake ugonjwa upo? Nikajibu kwamba ndiyo, upo. Dada, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliniangalia akasema, “Na wewe, mdogo wangu?” Basi. Jioni ile tulirudi Njombe katika basi dogo, yeye na mfuko wake mmoja, mimi na cheo changu. Njiani nilimpa nasaha juu ya ukweli na toba. Nakumbuka alitazama mashamba ya miti dirishani hadi tulipofika, wala hakunikatiza.

Nataka msomaji apime hoja niliyoikubali siku ile. Mume na mke wameishi pamoja miaka sita. Mmoja anasemwa ana ugonjwa upitao kwa unyumba, mwenzake hana hata dalili. Mgonjwa ametibiwa mara tatu kwa dawa ambayo ugonjwa huo hauiwezi, na kipimo hakibadiliki. Ningaliletewa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hoja yenye matundu kama hayo ningalimrudishia na wino mwekundu. Walakini ililetwa na karatasi yenye mhuri, nami nimezoea kuheshimu kilichoandikwa.

Mwezi wa Machi mwaka 2014 mguu wa kushoto wa dada ulivimba kwa usiku mmoja, toka kifundo hata paja. Shangazi alisema ametegewa uchawi njiani. Jirani alisema ni matende. Tulimpeleka katika hospitali moja ya misheni, na huko tulimkuta daktari kijana aliyekuwa na tabia ambayo foleni ndefu nje ya mlango wake ilikuwa ikiilaumu: alipenda kusikiliza. Alimwambia, “Mama, nianzie siku uliyokuwa mzima mara ya mwisho.” Dada akaanza. Alisema kwa karibu saa nzima, na yule kijana aliandika. Nilikuwa nimeketi pembeni nikisikia mambo ambayo yote niliyajua: vidole, vidonda, nywele, homa, mimba. Nilikuwa nikiyajua kama mtu ajuavyo maneno ya kamusi, kila moja katika ukurasa wake. Hapo ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza yakiwa habari moja yenye mwanzo. Alipofika kwenye kaswende, daktari aliuliza swali moja. “Na baba je, alipimwa?” Dada akasema alipimwa mara tatu, ni mzima. Daktari aliweka kalamu chini.

Kwanza alipiga picha ya mguu kwa mashine ya mawimbi ya sauti, akaona bonge la damu iliyoganda katika mshipa mkubwa wa paja, akaanza kumchoma sindano za kuzuia damu isigande zaidi. Pia aliagiza kipimo cha kaswende cha namna nyingine, kinachotafuta alama za kijidudu chenyewe. Hicho hakikuitika. Dada hakuwa na kaswende, wala hakupata kuwa nayo.

Nilipotaka kujua ilikuwaje, daktari alinieleza kwa ufupi, na yaliyosalia nimeyasoma mwenyewe miaka iliyofuata, kwa bidii ya mwenye deni. Mwaka 1906 August Wassermann na wenzake huko Ujerumani walitoa kipimo cha kwanza cha kaswende. Walitumia maji yaliyotolewa katika maini ya watoto wachanga waliokufa kwa ugonjwa huo, wakidhani damu ya mgonjwa inaitika kwa sababu inamtambua adui yake humo. Haukupita muda ikaonekana kwamba kiungo cha mnyama mzima chafaa vilevile, na moyo wa ng’ombe ulifaa kuliko vyote. Mwaka 1941 mwanakemia wa Marekani, Mary Pangborn, alipata kuyatenga mafuta yenyewe kutoka moyo wa ng’ombe, yakaitwa kadiolipini, na ndiyo yaliyowekwa katika kipimo kiitwacho VDRL kilichoenea duniani baadaye. Kumbe basi kipimo hicho hakimwiti kijidudu cha kaswende. Kinaita kingamwili za mafuta fulani, nazo huonekana sana kwa wenye kaswende, lakini huonekana pia kwa watu wengine kadha wa kadha. Mwaka 1952 madaktari Moore na Mohr wa Baltimore waliandika juu ya watu hao wanaoitika bila kuwa na ugonjwa, na muda si mrefu ikajulikana kwamba miongoni mwao wako wanawake ambao baadaye hudhihirika kuwa na ugonjwa wa lupasi. Dada yangu alirudishwa kwao kwa ushahidi wa moyo wa ng’ombe.

Lupasi ni neno la Kilatini la mbwa mwitu wa Ulaya. Watu wa kale waliona vidonda vya usoni vinafanana na kung’atwa na mnyama huyo. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili hupotea mwelekeo ikaushambulia mwili wenyewe, kama mlinzi wa usiku amkamataye mwenye nyumba. Hushika viungo, ngozi, figo, damu, utando wa moyo na mapafu, hata ubongo. Mara hapa, mara pale. Wagonjwa tisa katika kumi ni wanawake, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa. Vitabu hutaja wekundu wa mashavuni wenye sura ya kipepeo. Juu ya ngozi yetu wekundu huo hauonekani kuwa mwekundu. Huonekana weusi uliozidi, na watu humwambia mwanamke kwamba amechomwa na jua la shambani.

Tena kuna tanzu moja ya maradhi haya iliyo adimu kidogo, ambayo mwaka 1983 daktari Graham Hughes wa London aliieleza kwa utaratibu. Humo kingamwili za mafuta yale huifanya damu igande mahali isipotakiwa: katika mishipa ya mguu, katika ubongo wa kijana asiyetazamiwa kupooza, na katika kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula na pumzi. Hapo ndipo mimba tatu, mguu mmoja na karatasi tatu zilipokutana. La ajabu ni kwamba damu hiyo, ikitiwa katika chupa ya maabara, huchelewa kuganda, ilhali ndani ya mwili huwahi. Mtaalamu asiyejua jambo hilo akiiona chupa anaweza kudhani mgonjwa yuko katika hatari ya kutokwa na damu, akamnyima dawa aihitajiyo. Daktari wetu alilijua. Baada ya mguu kutulia alimwandikia dada barua, nasi tukasafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kingamwili zilipimwa. Zikapimwa tena baada ya wiki kumi na mbili, maana kipimo kimoja peke yake hakiruhusiwi kuwa hukumu. Nilipoambiwa kanuni hiyo niliona haya. Niliwaza karatasi zetu chini ya bilauri.

Hapa niruhusiwe kuacha njia kidogo. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya namna hii ni haba kwa Waafrika wa huko, akadhani huenda malaria na vimelea vingine vinaishughulisha kinga ya mwili hata ikakosa nafasi ya kujigeukia. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wenye asili ya ugonjwa unaofanana na lupasi, wakiambukizwa malaria ya panya, ugonjwa wao huzuilika. Ni fikira nzuri, na majaribio yake ni ya kweli. Lakini fikira nzuri ikitoka mikononi mwa mwenyewe yaweza kuwa blanketi la kufunikia uvivu: kwa miaka mingi lupasi ilisemwa kuwa ugonjwa usio wetu, ilhali wanawake weusi wa Marekani na Uingereza huupata kuliko weupe. Uhaba wa kuonekana si uhaba wa kuwapo. Tena Njombe ni nchi ya mlimani, na katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017 watoto waliokutwa na malaria mkoani mwetu hawakufika 1 katika 100. Hata hivyo dada alikwisha meza dawa za malaria mara nyingi kuliko dereva wa Kilombero.

Kwa dhihaka ya mambo, dawa iliyomsaidia zaidi ni ndugu wa dawa ya malaria. Mwaka 1894 daktari Payne wa London alitumia kinini kwa ugonjwa huu. Mwaka 1951 Mwingereza mwingine, Page, alitumia mepakrini. Kisha ikaja klorokwini na mdogo wake haidroksiklorokwini, ambayo dada huimeza hata leo, na kila mwaka hupimwa macho kwa sababu yaweza kudhuru pazia la ndani ya jicho. Mama alipolisikia jina la klorokwini alicheka kwa mara ya kwanza katika miezi mingi. Alikumbuka ilivyomwasha mwili mzima zamani, kabla serikali haijaiacha mwaka 2001 kwa kuwa malaria ilikwisha izoea. Mwaka 2020, dunia ilipodhani dawa hiyo inatibu Korona, ilitoweka madukani. Kabla mwaka haujakwisha majaribio makubwa ya Uingereza yalionyesha kwamba haiwasaidii waliolazwa kwa Korona, lakini dada alikwisha pitisha wiki saba akimeza kidonge kimoja kwa siku mbili, na vidole vyake vikamkumbusha.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa la mwaka 2015. Mwezi wa Juni ugonjwa ulimzidi, utando wa mapafu ukashikwa, akapewa prednisoloni kwa wingi. Siku ya kumi alianza kusikia sauti. Alisema watu wa gari moshi wanamwita kwa jina, na usiku wa Julai, baridi ya Njombe ikiwa imegandisha umande juu ya majani, tulimkuta nje amevaa gauni la kulalia anajibu. Nyumbani palikuwa na rai nyingi, nami sitazirudia, waliozitoa walimpenda. Daktari alikuwa na rai tatu. Yamkini lupasi imeingia katika ubongo. Hapo dawa ingepaswa kuongezwa. Yamkini ni prednisoloni yenyewe, ambayo ikitolewa kwa wingi huvuruga akili za watu kadhaa; hapo dawa ingepaswa kupunguzwa. Yamkini ni kifua kikuu au uambukizo mwingine wa utando wa ubongo, uliopata nafasi kwa sababu kinga imelazwa. Hapo kuongeza dawa kungemwua. Dawa ileile moja, na mgonjwa yuleyule mmoja. Aliyatoa maji ya uti wa mgongo yapimwe, yakawa safi. Alihesabu siku tangu kipimo cha dawa kilipopandishwa. Aliuliza kama alipata kifafa, kama amesahau majina yetu, kama sauti zilianza kabla ya vidonge au baada yake. Mwisho aliamua kupunguza, kwa hatua ndogondogo, na kuongeza azathioprini ishike zamu. Katika wiki tatu sauti zilinyamaza. Nilipomshukuru aliniambia, “Mwalimu, ningeweza kukosea. Nilikuwa na tarehe tu.” Tarehe hizo alizipata kwa dada, ambaye siku zote huandika mambo yake katika daftari la hesabu.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama maneno ya wagonjwa kwa heshima mpya. Reli ya TAZARA ikitoka Makambako kwenda pwani hushuka milimani hadi bonde la Kilombero, na ng’ambo ya mto iko milima ya Mahenge. Huko daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kutibu wenye kifafa karibu na mwaka 1960, akakuta watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka kama wa mtu ashikwaye na usingizi. Wenyeji walikuwa na jina tayari: walisema mtoto amesinzia kichwa. Madaktari wa nchi nyingine waliuona ugonjwa huo miaka mingi baadaye, Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, wakauita kwa jina lenye maana hiyohiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa rai kwamba huenda kingamwili zitokazo kupigana na mnyoo wa usubi hukosea shabaha na kuupiga ubongo. Rai hiyo ina wapinzani wake, na hoja haijakwisha. Ninachokitazama ni kwamba mama wa Mahenge, asiye na darubini, alikwisha litenga jambo na kulipa jina siku alipolisema, na aliyetaka kuujua ugonjwa ilimbidi aanzie kwenye sentensi yake.

Nirudi kwa dada. Kuzuia damu isigande tena alipewa wafarini, dawa yenye nasaba ya ajabu: ilitokana na nyasi zilizooza zilizoua ng’ombe wa Marekani kwa kuwatoa damu, ikauzwa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu. Kipimo chake huvurugwa na mboga za majani, nazo ndizo chakula chetu. Mtu mmoja alimkataza mnafu na majani ya maboga kabisa. Daktari alisema ale, ila ale kiasi kilekile kila juma, ili dawa ipimwe kufuata chakula chake. Kila mwezi alipanda basi kwenda kupimwa, na kurudi na tarakimu aliyoiandika daftarini.

Shemeji alikuja Njombe mwezi wa Agosti mwaka 2014. Daktari alikuwa ameomba azungumze naye, akamweleza habari ya moyo wa ng’ombe kwa subira, mara mbili. Alipotoka ofisini alikaa katika benchi la nje muda mrefu. Kisha alikuja nyumbani, akasema “Kamwene” mlangoni kama mgeni, na mama akamkaribisha kama mgeni. Dada hakurudi Makambako siku ile wala mwezi ule. Alirudi mwaka uliofuata, baada ya sauti kunyamaza, kwa hiari yake na kwa masharti yake, na masharti hayo sikuambiwa.

Mwaka 2017 alishika mimba ya nne. Wafarini humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo ilisimamishwa mara moja, na mahali pake zikaja sindano za hepari­ni, moja kila siku, alizojichoma mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo, pamoja na aspirini kidogo na kile kidonge cha ukoo wa malaria. Sindano ni ghali. Nililipa nusu, shemeji akalipa nusu, na sikupata kulipa fedha kwa moyo mwepesi kama huo. Tumbo lake lilikuwa na madoa ya buluu kama ramani. Katika wiki ya 36 alizalishwa kwa upasuaji, akapata mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kupita mwili wake. Sasa yuko shule ya msingi Makambako, na hupenda kwenda stesheni kutazama treni.

Baba mkwe alifariki mwaka 2019. Alikuwa amekwisha mpakata mjukuu, lakini habari za kikao hakupata kuzisema. Mama mkwe yu hai, naye katika uzee wake amekuwa na hamu ya kuelewa. Likizo iliyopita alimwuliza dada imekuwaje hata hospitali iandike ugonjwa ambao haukuwapo. Dada alinipigia simu jioni ile. Alitaka nimpe neno la Kiswahili la kipimo kilichoitika bila ugonjwa, neno ambalo bibi wa miaka 78 ataliweka moyoni. Nilimwambia kuna namna mbili tatu ambazo wataalamu hutumia, nikazitaja, nikaanza kueleza udhaifu wa kila moja. Kwamba hii yaonyesha kana kwamba mgonjwa alidanganya, na hii yaonyesha kana kwamba mashine ilidanganya, ilhali mashine iliitika sawasawa kwa kile ilichoitwa.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama siku ile katika basi.

“Acha, mdogo wangu,” akasema. “Nitamwambia tu kwamba mlisoma vibaya.”